Hapa Hatuuzi Kesho

Siku ya kuniaga pale dukani mlileta keki yenye picha yangu juu, mkaanza kuikata kutoka kwenye paji la uso. Nilikula sikio langu mwenyewe, na lilikuwa tamu. Halafu fundi Achieng akasimama, mdomo umejaa, akasema, "Shosho, sasa enda ukaandike. Usituachie stuli peke yake na uende na kila kitu kichwani." Haya basi, nyanya yenu nimeandika. Mimi nilifika darasa la nne, kwa hivyo mjukuu wangu Shiku ndiye anapiga chapa nikisema. Nimemkataza kunisahihisha. Akinisahihisha nitajua, maana maneno yataanza kunukia chuo.

Sitasema nililipwa nini wala nilipandishwa wapi. Hayo ni kati yangu na mwenye ploti wa Riruta anayenidai kodi. Nataka kuwaambia habari ya mikono, na ya chai, na ya ile prosesa mpya iliyonifanya nipige vigelegele mbele ya wateja, mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu. Na nataka msikie jinsi Shiku alivyokaribia kupoteza kazi yake ya kwanza kwa ajili ya neno moja ambalo dukani kwetu ni mwiko. Neno lenyewe ni "ngoja".

Kabla ya kompyuta nilikuwa nanyonyoa kuku. Hapo sokoni mjini, upande wa nyama. Manyoya makubwa yanatoka hata kwa mtoto, lakini kuna yale madogo yanayobaki kwenye ngozi kama miiba, na hayo ndiyo yalikuwa yangu. Nilikuwa nayang'oa kwa kikoleo kidogo cha nyusi, moja moja, bila kuchana ngozi. Mzee Gurdial alikuwa mteja. Kilemba chake kilikuwa cha rangi ya zambarau kila Jumamosi, na alikuwa akisimama kuniangalia badala ya kuangalia kuku. Siku moja akasema, "Mama, ile mkono yako hapana tetemeka. Kwa nini?"

Nikamwambia, "Ikitetemeka naharibu kuku, na nikiharibu kuku nakula mimi, na sipendi kuku."

Alicheka mpaka akashika meza. Akasema, "Kuja duka yangu Jumatatu."

Nikaenda Jumatatu. Duka lilikuwa ghorofani, juu ya barabara ya Luthuli, palepale mlipo sasa, ila wakati huo skrini zilikuwa na matako makubwa kuliko yangu na ngazi ilikuwa ya mbao. Kazi niliyopewa ilikuwa kupangusa vumbi. Nilifikiri ni vumbi la meza. Kumbe ni la ndani ya mashine! Ya kwanza niliyofunguliwa ilitoka ofisi ya mawakili, na mende walikuwa wameweka familia humo, baba, mama na vifaranga. Nilipiga kelele. Mzee Gurdial akanipa brashi ya manyoya ya mbuzi, akasema, "Wewe hapana ogopa. Hawa iko napenda joto tu. Pale iko joto, pale iko shida. Angalia mende nalala wapi, utajua mashine nagonjwa wapi."

Hilo ndilo somo langu la kwanza la kompyuta, na mpaka leo sijapata bora. Joto ndilo ugonjwa. Mengine yote ni majina.

Jioni akaniwekea kwenye kiganja kitu kidogo, cha mraba, chini kimejaa miguu ya dhahabu. Miguu mingi! Ni kama ngozi ya kuku kabla sijaishika. Miguu michache upande mmoja ilikuwa imelala.

"Hii iko nini?" nikamuuliza, maana kufikia jioni nilikuwa nimeanza kuongea kama yeye.

"Hii iko akili ya kompyuta. Prosesa. Moja mguu ikipinda, yote nalala. Wewe simamisha."

Nilisimamisha. Nilitumia sindano ya kushonea, na baadaye nikagundua ile kalamu ya risasi ya kubonyeza, ukitoa risasi, tundu lake linaingia mguu wa prosesa kama kidole kwenye pete. Unauinua polepole, unapumua kwa pua, huongei. Mguu ukivunjika umezika akili ya mtu. Ile kalamu nimemwachia Achieng. Siku hizi prosesa nyingi zinakuja chini laini kama kisahani, miguu imehamia kwenye soketi, lakini za zamani bado zinaletwa, na watu bado wana vidole vya jembe.

Sasa niwaambie asili ya kile kipimo cha kikombe cha chai, maana nyinyi mnakifanya tu kama watu wanaopiga ishara ya msalaba bila kujua sala. Mzee alikuwa na kipimo cha joto, kikaanguka ngazini kikafa. Kupata kingine ilikuwa hadithi ndefu. Basi akaanza kupima kwa mkono. Mashine ikishaundwa, inapewa kazi nzito, picha zinazotembea, michezo ya kupigana. Kiganja cha kushoto unaweka pale inapotolea pumzi, na mkono wa kulia unashika kikombe cha chai. Chai ya Mzee, ya tangawizi, iliyochemka mpaka inauma. Kama mkono wa kushoto umekimbia kabla chai haijaisha, mashine haitoki dukani. Kama chai imeisha na mkono bado upo, funga, peleka, na Mungu aibariki. Watu wa kompyuta kutoka kwingine walikuja wakatucheka. Lakini mashine zao zilirudi, zetu hazikurudi.

Siku hizo akili ilikuwa kazi yake ni kufikiri tu. Kuchora picha kwenye skrini ilikuwa kazi ya mwingine, kadi ya picha, ambayo ni kama mke wa pili, anakuja na feni yake, na njaa yake ya stima, na kelele zake, na anakaa nusu ya nyumba. Mtu akitaka kuandika barua hakumhitaji sana, kulikuwa na mchoraji mdogo dhaifu kwenye ubao wa mashine. Mtu akitaka kuhariri video za harusi au kuchora nyumba, ilibidi aoe.

Na kadi zilikuwa zinakufa! Nimezika kadi nyingi kuliko paka. Joto, vumbi, stima ya kuzimika na kurudi kwa hasira. Meza yangu ndiyo ilikuwa hospitali yao.

Wakati huo ndio tulimpoteza Mwalimu Nderitu. Hakufa, tulimpoteza tu. Alikuwa mtu wa Uthiru, mpole, koti la kijivu, na alikuwa amekodi chumba huko kando ya barabara kubwa afungue shule ya kufundisha vijana kompyuta. Alikuja kwa Mzee aulize anunue zipi. Na Mzee, kwa sababu alikuwa mkweli, akamwambia, "Ngoja kidogo. Prosesa mpya nakuja, nzuri zaidi." Mwalimu akaenda. Akarudi. Mpya zimefika, lakini Mzee alikuwa tayari amesikia za baada ya hizo, eti picha itaanza kuingizwa humohumo ndani ya prosesa, kadi haitahitajika. "Ngoja kidogo." Mwalimu akaenda, akarudi. Zilipokuja zile za picha ndani, zilikuwa dhaifu, na Mzee akasikia za mbele zitakuwa na nguvu. "Ngoja."

Mara ya mwisho Mwalimu hakukaa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Nimepita kusalimia tu, Mzee. Kile chumba kimechukuliwa na fundi wa magodoro."

"Na shule?"

"Ah, ile. Wale vijana wamekuwa wakubwa, Mzee. Wengine wameoa."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. Siku ile Mzee hakunywa chai. Kesho yake asubuhi alitukusanya kabla ya kufungua, akasema maneno ambayo nyinyi mnayarudia kama mzaha kila mteja akiuliza mpya zinakuja lini. "Leo kuanzia, hapa hapana uza kesho. Ile kitu mkono yangu hajashika, mdomo yangu hajui." Basi. Mtu akija, unamuuliza kazi yake ni gani, unampa kilichopo kinachoweza kazi hiyo, anaenda kufanya kazi. Neno "ngoja" likatoka dukani pamoja na Mwalimu Nderitu.

Mzee alipofariki, duka likashikwa na binti yake Manjit. Manjit mnamjua, na atasoma hii, kwa hivyo nitasema mapema kwamba ni mkubwa mzuri. Lakini mwaka wake wa kwanza! Aliunda mashine ya daktari wa Kileleshwa kwa mikono yake mwenyewe, bila kadi, akasema picha iko ndani ya prosesa siku hizi. Akawasha. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi kama sufuria ya githeri. Alibadilisha waya. Akabadilisha skrini. Akatukana stima ya Nairobi yote. Mpaka saa ya chakula ndipo mmoja wetu akasoma herufi ya mwisho kwenye boksi ya prosesa. Kuna aina moja inayotengenezwa bila picha ndani, akili tupu, kwa wale wanaojua watanunua kadi. Manjit alikuwa ameunda kipofu na anamlazimisha asome.

"Hata baba angekosea," akasema.

"Baba angekosea na angekunywa chai," nikamwambia. Tukacheka, tukaenda kutafuta nyingine. Tangu siku hiyo, herufi ya mwisho inasomwa kwa sauti kabla ya boksi kufunguliwa. Msiache hiyo tabia.

Mwaka hadi mwaka yule mchoraji wa ndani akaendelea kunenepa. Mwanzo tulimdharau, tukimwita picha ya barua. Halafu akaweza sinema. Halafu michezo midogo. Wenye kutengeneza prosesa, wale tunaowaita wa buluu na wale wa nyekundu, wakashindana, huyu akiongeza hiki, yule akiongeza kile, na mimi mezani naona kadi zinazoletwa kwangu zinapungua. Vijana wakaanza kunihurumia. "Shosho, meza yako inaisha." Mimi nilikuwa nafurahi! Nani anapenda hospitali ijae? Nilitaka kufika siku ambayo akili na mchoraji watalala kitanda kimoja, chakula kimoja, na hakuna anayepiga kelele. Niliiomba siku hiyo kanisani, na ninajua mchungaji alifikiri naombea ndoa ya watoto wangu.

Sasa Shiku. Huyu anayepiga chapa, na ameanza kukohoa akisikia jina lake. Shiku ni mtoto wa binti yangu, anachora. Si kuchora kwa kalamu, anachora kwa kompyuta, vitu vinatembea. Nilipokuwa nikimlea nilikuwa namsimulia kuku wa sokoni, na yeye badala ya kulala akawa anawaonea huruma. Basi akamchora mmoja, anaitwa Kuku Wakili. Amevaa miwani, anaenda kortini kutetea kuku wengine wasichinjwe Krismasi, na kila mara anapokasirika anakung'uta manyoya yote yanasimama. Kila unyoya una mwendo wake! Nilipoona mara ya kwanza nilimwambia arudie. Maisha yangu nimenyonyoa, na huyu mtoto ameketi pale Riruta anayarudisha, moja moja.

Mama mmoja wa Kileleshwa anayetengeneza vipindi vya watoto akamwona huyo kuku. Akamwambia Shiku, nipe kipindi cha kwanza kizima kabla shule hazijafunguliwa, ukiweza kazi ni yako, nina vingine vingi. Usipoweza nitachukua mtu mwingine, sina ubaya. Kwa hivyo ilikuwa hivyo tu, wazi kama kidonda. Na wiki hiyohiyo mashine ya Shiku, ile niliyomuundia kwa mabaki, kadi yake ikafa. Nilijaribu kuifufua. Ilikuwa imekufa kifo cha kweli, unasikia harufu.

Tukachanga, mimi na mama yake na shangazi. Pesa ikatosha laptopu moja, na hakuna nyingine nyuma yake.

Shiku akaja dukani Alhamisi. Ilikuwa wiki yangu ya mwisho ya kazi. Kwenye rafu kulikuwa na laptopu moja inayoweza manyoya, jitu, zito, lenye kadi yake ndani na chaja kama tofali la kujengea. Moja tu, na kijana wa Westlands alikuwa amesema atapita jioni kulichukua. Na kwenye meza ya Manjit kulikuwa na kitu kingine, chembamba, kilichofika asubuhi. Muuzaji wa jumla alikuwa amemkopesha akionyeshe watu wiki kadhaa. Sampuli, haiuzwi. Za kuuza bado ziko njiani. Ndani yake kuna prosesa ambayo ilikuwa bado haijauzwa katika mji huu, picha humohumo, hakuna kadi, na Achieng alikuwa ametuonyesha video zake kwenye simu mpaka macho yakauma.

Shiku akauliza, na aliniuliza mimi, si Achieng, "Shosho, nichukue hii kubwa ama ningoje hiyo?"

Duka zima likamgeukia. Wote mnajua kwa nini.

Achieng hakuweza kujizuia. "Shiku, hiyo jitu ni ya kukaa kwa socket. Ukichomoa chaja inalala. Na kwenu Riruta stima si huenda kila saa? Ngoja hii, nakuapia!"

"Umeishika?" nikamuuliza Achieng.

"Bado, lakini video, Shosho..."

"Kwenye video hata mimi nina miaka ishirini."

Na ndani yangu mimi nilikuwa naitaka ile nyembamba kuliko wao wote! Mikono ilikuwa inaniwasha. Lakini nilimwona Mwalimu Nderitu na kofia yake mlangoni, na huyu mara hii ni damu yangu. Nikasema, "Tuwekee chai."

Manjit akaenda kuchemsha mwenyewe, tangawizi ya kuuma, kama ya babake. Shiku akachomeka kwenye ile nyembamba kidude chake chenye Kuku Wakili, ile sehemu ya korti, kuku amekasirika, manyoya yote yamesimama na upepo unapita. Kazi nzito kuliko zote. Nikaweka kiganja cha kushoto. Nikashika kikombe.

Kuku akaanza kutembea, akakwama. Akaruka, akakwama. Alikuwa anakwenda kama ana malaria. Manyoya yanaganda hewani halafu yanashuka yote pamoja, puu, kama mzigo. Sikumaliza hata funda la tatu. Nikaweka kikombe chini.

"Imeanguka mtihani," nikasema. "Mfungieni jitu."

Manjit akaanza kutafuta mfuko. Na hapo Achieng, ambaye kwa kawaida huongea kabla ya kufikiri, alikuwa bado ameinama upande wa mashine. Akasema polepole, "Shosho, ngoja."

Alisema ngoja! Dukani! Hata Manjit aligeuka.

"Si ngoja ya kesho. Ngoja ya skrudraiva. Nifungue chini kidogo."

Akafungua. Mnajua wengine kilichokuwepo, lakini nitawaambia wale watakaokuja baadaye. Kadi kubwa inakuja na memori yake yenyewe, chakula chake mfukoni. Mchoraji wa ndani hana chake, anakula kwenye sahani moja na akili, memori ya mashine. Na hiyo sampuli ilikuwa imeletwa na memori moja, nafasi ya pili iko wazi. Ni kama nyumba ya watu wawili wenye njaa na mlango mmoja wa jikoni. Wanasukumana mlangoni, chakula kimejaa ndani, na wote wanalala njaa.

Achieng akavuta droo, akatoa mbili pacha, akazipachika zote mbili. Mkono wake haukutetemeka. Niliona.

"Chai nyingine," nikasema.

Shiku akabonyeza. Kuku Wakili akaingia kortini. Akatembea! Akatembea kama mama mwenye nyumba zake. Akakasirika, manyoya yakasimama moja moja kutoka shingoni mpaka mkiani, na upepo ukapita ndani yake, na kila unyoya ukalala na kuinuka wakati wake. Sijawahi kuona. Kiganja changu kiko pale, nasubiri moto. Joto likaja, joto la mkono wa mtoto, likasimama hapo. Nikanywa. Feni ilikuwa inanong'ona. Nikanywa. Mteja mmoja aliyekuja kununua kipanya akasogea, akasahau kipanya.

Chai ikiwa imebaki chini kabisa, nilifanya kitu ambacho hakiko kwenye sheria ya Mzee. Nilinyoosha mguu nikakanyaga waya wa chaja, nikauvuta kutoka ukutani.

"Shosho!" Shiku akapiga kelele.

Jitu ukilichomoa, linapungua nusu hapohapo, linakuwa mzee mbele ya macho yako. Hiyo nyembamba haikushtuka. Kuku aliendelea, manyoya yaleyale, mwendo uleule, kwenye betri, kama hajui kama kuna kitu kinaitwa stima duniani.

Nikamaliza chai. Nikapiga vigelegele. Ndiyo, vile vyenyewe, vitano, kama vya kumpokea mtoto wa kiume aliyezaliwa. Mteja wa kipanya akapiga makofi bila kujua anapigia nini. Achieng alikuwa analia na anacheka, nikamshika ule mkono wake wenye skrudraiva, nikaubusu mbele ya watu.

Halafu Manjit akasema lile jambo ambalo sote tulikuwa tumelisahau. "Lakini ni sampuli. Za kuuza hazijafika. Na shule hazitangoja."

Furaha ikatoka kama hewa kwenye gurudumu. Sheria ilikuwa imetimia, mkono umeshika, mdomo unaweza kusema. Lakini mdomo ungesema nini? Angengoja, angepoteza kazi. Angechukua jitu, angerudi Riruta kukaa kwenye giza akiomba stima, na pesa ya ukoo mzima imelala juu ya tofali. Nilimwangalia Shiku. Nilitaka kumwamulia.

Yeye hakuniangalia. Alivuta stuli yangu, ile yenye mto wa kitenge, akaketi. Akaunganisha kalamu yake ya kuchorea. Akaanza kuchora mguu wa kuku.

"Shiku, dear," Manjit akasema, "hiyo haiuzwi."

"Sinunui, auntie. Nafanya kazi."

"Hapa?"

"Shosho anaacha stuli kesho. Nitakuwa nakuja asubuhi naenda jioni, mpaka yangu ifike. Watu si wanataka kuona kama inaweza? Wataona."

Manjit akatazama kaunta. Mteja wa kipanya alikuwa amemwita mwenzake kutoka ngazini. Mwingine alikuwa ameinama kabisa, anahesabu manyoya. Manjit ni binti wa babake, hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Basi usikae hapo gizani. Kaa dirishani watu wakuone." Akaniangalia. "Na usimwage chai juu yake kama Shosho wako."

"Sijawahi kumwaga!"

"Ulimwaga mara moja, baba alikuficha."

Sikujua mpaka siku hiyo kwamba hilo analijua.

Jioni kijana wa Westlands alikuja akachukua jitu lake, akaenda akiwa ameinama upande mmoja. Kesho yake mkanikata paji la uso. Jumatatu stuli yangu ilikuwa na mtu. Kipindi cha kwanza cha Kuku Wakili kilichorwa pale dirishani, juu ya Luthuli, huku watu wakisimama na mifuko yao wakiuliza, "Hii haina kadi? Kweli haina kadi?" na Shiku akisema haina, bila kuinua kichwa. Alimaliza shule zikiwa bado zimefungwa. Yule mama wa Kileleshwa alikitazama mara mbili, mara ya pili akamwita mtoto wake naye atazame, halafu akampa vingine. Shehena ilipofika, mliniita nishike ya Shiku kwa mkono wangu. Memori mbili, herufi ya mwisho imesomwa kwa sauti, chai ya tangawizi. Ilipita.

Hiyo ndiyo kazi yangu niliyoifanya. Hospitali ya kadi imefungwa karibu yote, na mimi ndiye muuguzi aliyefurahi kupita wote.

Jana nilikuwa uani naanua nguo, simu ikalia. Achieng.

"Shosho, sasa! Keti chini. Kuna zingine zinakuja. Hizi hata hiyo ya Shiku ni mtoto. Picha ndani mara hii wanasema..."

"Umeishika?"

"Bado. Sampuli inaletwa leo mchana, lakini Shosho, video..."

"Usiniuzie kesho, Achieng."

Nikakata simu, nikaacha nguo nusu kwenye kamba, nikaanza kutafuta viatu vyangu vya mjini.